Kuhesabu Madoa

Kazi yangu ni kutazama jani
na kusema, kwa jicho tu, limekufa kiasi gani.
Tano kwa mia. Kumi na tano. Arobaini.
Kampuni hulipa kwa safu,
na mvua ya Mei katika vilima vya Minas
haimwulizi mtu kama ana buti za pili.

Jani la mkaratusi mchanga halifanani na la mama yake.
Ni la duara, la buluu, limepakwa nta
kama sahani ambayo bado haijaliwa.
Halina kikonyo; limelikumbatia tawi,
mawili mawili, uso kwa uso.
Ukilipangusa kwa kidole gumba
nta huondoka nawe.

Doa huanza dogo, kichwa cha pini,
rangi ya chai iliyomwagikia kitambaa.
Kisha hujitia ukingo wa zambarau.
Kisha madoa mawili yanakutana, matatu,
jani linajikunja kama mtu anayeficha barua,
na upande wa chini, ukiwa na kioo cha kukuzia,
utaona vitone vyeusi vimejipanga,
kila kimoja kijungu kilichoshindiliwa risasi za vumbi,
kikingoja usiku wenye maji.
Kikulacho, hujisemea, ki majanini mwako.

Walkiria, msimamizi wetu, analijua jina lake la Kilatini.
Hulitamka polepole, kama anamwita mtoto wa watu.
Mimi naliita kuvu. Linatosha.

Ugonjwa huu ni wa utotoni.
Mti ukifika mwaka wa tatu, wa nne,
hubadili majani: marefu, magumu, membamba kama mundu,
na kuvu hupiga hodi bila kufunguliwa.
Kwa hiyo ni mbio tu.
Nani atangulie, urefu au madoa?
Katika kitalu cha saba yalitangulia madoa.
Miti elfu mbili ya miezi kumi na minane,
mifupa mitupu, na juu kabisa shungi la majani matano.

Ndipo nikatumwa kwa jirani,
Don Wáshington Olazábal, mfuga kondoo,
aliyesema siku ile tulipopanda
kwamba miti yetu itamnywea kisima.
Nyuma ya zizi lake ana mikaratusi kumi na mmoja
iliyopandwa na babu yake iwakinge kondoo na upepo wa kusini.
Mikubwa. Mizima. Majani yake mundu mtupu.
Lakini mmoja aliukata Agosti, kuni za jiko,
na kisikini machipukizi yameamka:
ya duara, ya buluu, ya nta.
Kikongwe wa miaka tisini ameota tena meno ya maziwa.
Na juu yake, doa kwa doa, kile nilichotumwa kukitafuta.

Alinipa kibuyu cha yerba, moto, chungu,
akanyamaza mpaka mrija ukakoroma.
"Basi mimi ndiye niliyewaambukiza."
Sikujua kama anasikitika au anajisifu.
Nikamwambia upepo hauna hati ya shamba;
huenda yalitoka kwako, huenda yalikuja kwako.
Akakitazama kisiki, akatema kando.
"Andika ulichokiona. Ila mkija kukata,
kateni machipukizi tu, hiyo mingine iacheni.
Kondoo wenye mimba hulala pale."

Fomu ina kisanduku kimoja kidogo: chanzo.
Tangu saa nane kalamu yangu iko juu yake.
Barabarani Walkiria anapiga honi mara ya pili.
Mfukoni nina jani moja la kisiki, limeshaanza kukauka.
Thelathini kwa mia, nadhani.
Thelathini na tano.
Mvua imerudi, ile nyembamba
isiyosikika mpaka iwe imeshakulowesha,
na mahali fulani, sijui upande upi wa ua,
kijungu kinafunguka.